Msamaria Aliahidi Kurudi: Juu ya Sindano za Urembo na Wale Wanaochoma na Kutoweka

 

Juma hili mtanisamehe, sitaandika kwa upole. Kuna jambo limenikaa kooni tangu masika yaliyopita, nami nimeona nikiendelea kulimeza nitakuwa nashirikiana na wanaolitenda.

Naanza na Injili. Mfano wa Msamaria mwema, ulio katika sura ya 10 ya Mtakatifu Luka, tunaujua sote tangu katekesi ya Komunyo ya Kwanza. Tunajua kuhani alipita, Mlawi akapita, na mgeni akasimama. Tunajua mafuta na divai, tunajua punda. Lakini sehemu ya mwisho ya mfano ule hatuihubiri vya kutosha. Kesho yake Msamaria alitoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa gharama iliyozidi. Tazameni vizuri: hakutibu akaondoka. Alitibu, akaandikisha mgonjwa mahali, akaacha dhamana, akataja kurudi. Huruma yake ilikuwa na kesho na kesho kutwa. Na hilo ndilo linalomtenga na wanyang'anyi wa ile njia ya Yeriko, maana wao nao walimgusa yule mtu, kisha wakaenda zao wasionekane tena.

Nimepewa ruhusa kusimulia yanayofuata, na nimebadilisha yale yatakayomtambulisha mhusika. Si mambo ya kitubio. Yalisemwa mchana, kwenye benchi la nje ya nyumba ya mapadre.

Alikuja mama mmoja kijana, mzaliwa wa huku kwetu, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akifanya kazi mjini Dar es Salaam. Alinisalimu akiwa amesimama. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Nikamkaribisha tena, akakaa upande mmoja kama mtu anayekalia mwiba, machozi yakamtoka. Alinieleza kwamba miaka miwili kabla, katika chumba cha nyuma cha saluni moja mjini, alichomwa sindano za kuongeza maumbile ya nyuma. Alilipa fedha alizozidunduliza katika mchezo wa kupeana. Mwaka wa kwanza alifurahi. Mwaka wa pili yakaanza madonge magumu, ngozi ikabadilika rangi, maumivu yakawa hayamruhusu kukaa kwenye daladala kutoka Mlandizi. Alipokwenda hospitali, daktari alimuuliza swali moja la haki kabisa: ulidungwa kitu gani? Hakujua. Kichupa hakukiona. Jina la dawa hakuambiwa. Karatasi hakupewa. Namba ya simu ya yule mchomaji haipatikani, na chumba kile sasa kinauza mitumba.

Kisha akaniambia neno ambalo ndilo lililonikaa kooni. Akasema: "Baba, nilitaka kuja kwako mwaka jana. Lakini Dominika ile ulihubiri juu ya wanawake wanaojiongeza, watu wakacheka kanisa zima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, maana siwezi kukaa. Kina mama wakadhani nasimama kwa maringo."

Ndugu zangu, nakumbuka mahubiri yale. Nakumbuka na kicheko. Nilijisikia msemaji hodari siku ile.

Basi, tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu hasira bila elimu haijengi.

Urembo si mgeni wa pwani yetu. Bibi zetu walijua liwa, manjano, hina na wanja kabla ya meli kuleta kopo la kwanza la krimu. Mwali wa Kizaramo hakutolewa nje bila kupakwa mafuta na kupambwa. Maandiko Matakatifu yenyewe yanasimulia kwamba Esta alitunzwa kwa mafuta na manukato miezi 12 kabla ya kuletwa mbele ya mfalme, wala mwandishi hamlaumu. Papa Pius XII, alipozungumza na madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wa Italia tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache tu kabla ya kifo chake, hakuwafukuza kwa fimbo. Alikiri kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema la juu kuliko yote, na kwamba upasuaji wa namna hiyo hupimwa kwa nia yake, kwa njia zake na kwa hatari zake. Katekisimu, namba 2289, inatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu, haituambii tuuchukie. Kwa hiyo yeyote anayetumia jina la Kanisa kumwambia mwanamke kwamba kujipamba tu ni dhambi, anasema lake, wala si la Kanisa.

Lakini kuna tofauti kati ya liwa na sindano. Liwa inakaa juu ya ngozi, jioni unaoga inakwenda na maji. Sindano inaingia ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na ikishaingia haina jioni yake. Siku ya kwanza kila mtu anapendeza. Hesabu halisi huja baadaye.

Historia inalithibitisha hilo. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kudunga parafini katika miili ya watu ili kujaza mabonde na kurekebisha maumbile. Ilisifiwa sana, ikaenea Ulaya na Marekani. Baada ya miaka, parafini ile ikahama mahali ilipowekwa, ikaota madonge, ikaharibu nyuso za watu waliokuwa wazuri kabla ya kudungwa. Karne ya 20 ikaleta silikoni ya majimaji, na wimbo ukawa ule ule. Mwezi Novemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi waziwazi kwamba silikoni inayodungwa kuongeza makalio au matiti inaweza kuingia katika mishipa ya damu, ikafika kwenye mapafu, moyo au ubongo, na kuua. Na hiyo ni nchi yenye hospitali kila kona!

Ziko pia jeli zilizo bora zaidi. Iliyo maarufu kuliko zote inatokana na asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho Mungu mwenyewe amekiweka katika ngozi, viungo na macho yetu. Wanasayansi Karl Meyer na John Palmer walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka katika macho ya ng'ombe. Marekani iliruhusu jeli ya kwanza ya aina hiyo kwa mikunjo ya uso mwezi Desemba 2003. Faida yake kubwa ni kwamba kikiharibika kitu, kipo kimeng'enya cha kuiyeyusha. Silikoni haina kiyeyushio. Mara nyingi hubaki kisu tu, na kisu nacho hakimalizi yote. Sasa mnaona kwa nini swali la daktari lilikuwa zito. Yule mama asipojua alichodungwa, daktari hajui kama ashike dawa, au kisu, au asiguse kabisa.

Hata hiyo jeli bora haikujulikana vyema kama tulivyodhani. Kwa muda mrefu wateja waliambiwa kwamba inaisha yenyewe baada ya miezi sita, au mwaka, au mwaka na nusu. Picha za mashine ya MRI zimeonyesha masalia yake katika nyuso za watu baada ya miaka kadhaa. Yaani waliouza kwa miaka mingi hawakujua bidhaa yao inakaa wapi na kwa muda gani, kwa sababu hawakurudi kutazama.

Ndiyo maana leo wanasayansi wanahangaika kutafuta namna ya kuifuatilia jeli ndani ya mwili bila kumpasua mtu, na mojawapo ya njia ni mwanga. Iko mashine iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, ambayo hutuma mwanga usioonekana ndani ya ngozi, ikasikiliza unavyorudi, ikachora tabaka za ngozi kama mtu anayekata kitunguu na kutazama maganda yake. Ilianza na macho, ikaja kwenye ngozi. Kasoro yake ni kwamba haifiki mbali, milimita moja au mbili hivi. Iko njia nyingine, ambayo msingi wake aliugundua Alexander Graham Bell, yule wa simu, mwaka 1880: ukimulika kitu kwa mwanga wa kukatakata, kinapata joto kidogo, kinatanuka, kinatoa sauti. Leo mwanga huo ni wa leza, na sauti hiyo hugeuzwa kuwa picha ya mambo yaliyo ndani zaidi. Wengine wamefunga rangi inayong'aa kwenye jeli, wakaidunga katika wanyama wa maabara, wakapima juma hadi juma jinsi inavyopungua au kuhama.

Mtaniuliza: Baba, mambo hayo ya maabara yanatuhusu nini sisi wa Dutumi, ambao umeme wenyewe ukikatika tunangoja? Yanatuhusu sana. Kwanza, yanatufundisha kanuni, nayo ndiyo moyo wa tafakari hii: ANAYEDUNGA ANA WAJIBU WA KUFUATILIA. Wenye elimu na fedha wameona aibu ya kudunga bila kutazama, wakaanza kutengeneza taa za kutazamia. Sisi sindano zimetufikia, taa hazijafika, na mbaya zaidi, hata aibu haijafika.

Pili, yanatuhusu kwa sababu ya rangi yetu. Weusi wa ngozi yetu, ule unaotulinda na jua la Pwani, hunywa mwanga. Kwa hiyo kifaa cha mwanga kilichojaribiwa kwa watu weupe pekee kinaweza kukosea kwetu. Hili si dhana tupu. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho nacho hutumia mwanga, kilishindwa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Watu walikuwa wakikosa hewa, na kifaa kinasema wako salama. Nawaambia wale watakaotuletea mashine za kutazama ngozi: zijaribuni kwa ngozi zetu kabla ya kutuuzia. Ngozi nyeusi si kosa la kipimo. Kipimo kisichoiona ndicho chenye kosa.

Na hapo nazungumzia ngozi nyeusi iliyo nzima. Nani anajua mwanga utasoma nini katika ngozi ambayo imechubuliwa kwa mkorogo miaka kumi? Maana ndugu zangu, sindano haikuja peke yake. Ilitanguliwa na mkorogo, na katika miaka ya 2000 ikatanguliwa na zile dawa ambazo mitaa ya Dar es Salaam iliziita "Mchina". Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Kelly Lewis na wenzake, waliowahoji wanawake 42 wa Dar es Salaam wanaojichubua. Sababu walizotoa zilikuwa nyingi: kuondoa chunusi, kulainisha ngozi, kufanana na Wazungu, kuwapendeza wenzao, kuficha madhara ya kujichubua kwenyewe, na iko hii, wanaume wapendwa, sikieni: kumridhisha mume au mpenzi. Basi yule mwanamume aliyecheka kwa sauti kuliko wote siku ya mahubiri yangu ajiulize, nyumbani kwake anamsifia nani, na kwa rangi gani.

Sasa niwajibu wapinzani wangu mmoja mmoja, maana najua wapo, na baadhi yao wanakaa viti vya mbele.

Wa kwanza anasema: "Amejitakia." Neno hili nimelisikia kwa wakristo, kwa wahudumu wa afya, na nasikitika kusema, nimelisikia kwa mapadre wenzangu. Hebu tulipime. Aliyevunjika mguu kwa kupanda mnazi amejitakia. Tunamwacha chini ya mnazi? Dereva wa bodaboda aliyeanguka kwa mwendo kasi amejitakia. Tunambeba hadi Tumbi, tena kwa haraka. Tunachagua nani amejitakia kufuatana na nani tunapenda kumcheka. Yule mwanamke wa Injili ya Marko, aliyetokwa na damu miaka 12, alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga wengi na hali ikazidi kuwa mbaya. Bwana hakumuuliza kwa nini alikwenda kwa waganga wale. Alimwita binti. Sisi nani tuliompa cheo kingine?

Wa pili anasimama upande wa kinyume, naye anasema: "Mwili wangu, fedha zangu, padre hahusiki." Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu anasema waziwazi. Namjibu hivi. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, hakuwa anawanyang'anya miili yao. Alikuwa anawaambia thamani yake. Mtu mwenye nyumba ya thamani hamwachii fundi asiyemjua jina aingie usiku, abomoe ukuta, aondoke bila risiti. Ukisema mwili ni wako, vizuri, basi udai haki ya mwenye mali: jina la kilichoingizwa, jina la aliyekiingiza, na mahali atakapopatikana mambo yakiharibika. Uhuru wa kununua bila kuambiwa unanunua nini ni uhuru wa muuzaji, si wako.

Wa tatu anasema: "Serikali inashughulikia." Ni kweli kwa sehemu, nami sitaki kuwa mwongo. Tangu TFDA ilipoanza kazi mwaka 2003, vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, vimekamatwa na kuteketezwa mara nyingi. Mwaka 2019 vipodozi vilihamishiwa TBS, na TFDA ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Mkataba wa Minamata nao uliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vifikie mwisho mwaka 2025. Na kwa wenye uwezo, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, ambayo tunaipita kila tunapokwenda mjini, ilitangaza mwaka 2023 huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile, zikifanywa na madaktari kwa taratibu za hospitali. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni kwamba tunateketeza makopo na kuwasahau watu. Kopo likishachomwa moto dampo, picha gazetini, kazi imekwisha. Yule aliyekwisha kupakwa, yule aliyekwisha kudungwa, nani anamfuatilia? Kinachopakwa kina mlinzi wake, kinachodungwa kina mlinzi wake, mwenye leseni ya udaktari ana baraza lake. Lakini mchomaji wa chumba cha nyuma hana leseni ya kunyang'anywa, wala kichupa chake hakina jina la kukaguliwa. Anapita katikati ya walinzi wote kama maji katika tenga.

Niwape mfano wa hapa hapa. Wafugaji wetu wanajua kwamba katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025, ng'ombe anayechanjwa anavalishwa hereni, ili ijulikane ni wa nani na amechanjwa. Jambo jema sana. Mtoto mchanga wa kigango hiki naye ana kadi ya kliniki: kila chanjo ina tarehe yake, na uzito wake unachorwa mwezi hadi mwezi. Huko ndiko kufuatilia, tena kwa kalamu na karatasi tu, bila leza. Basi nauliza, na anayeweza anijibu: kwa nini ng'ombe akichomwa sindano anaandikwa, na binti yetu akichomwa sindano haandikwi popote? Tumefika mahali ambapo ng'ombe ana kumbukumbu kuliko binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Na lipo jambo lingine la kutuaibisha. Katika nchi hii hii wako ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya jua, na saratani ya ngozi inawawinda tangu utotoni. Huko Moshi, pale KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kimekuwa kikiwahudumia, na krimu ya kuwakinga na jua imekuwa ikitengenezwa papo hapo Moshi. Hiyo ni kazi ya Msamaria: wanatibu, wanaandika, wanarudi vijijini kutazama. Lakini tembeeni maduka ya barabara kuu mniambie kipi ni rahisi kukipata, krimu ya kumkinga mwenye ualbino au kopo la kumchubua asiye nao. Tumewatesa walioumbwa weupe, na tunawauzia sumu walioumbwa weusi ili wawe weupe. Hapo ndipo ninapoona kwamba shida yetu haikuanzia kwenye ngozi. Bwana alimwambia Samweli, alipokwenda nyumbani kwa Yese, asitazame sura wala kimo. Nasi tumeendelea kutazama sura na kimo, tukawafundisha binti zetu nao wajitazame kwa macho yetu.

Mnataka kujua ninaomba nini? Sitaki tafakari hii iishe kwa kulalamika. Naomba manne.

Kwanza, kwa binti na mama yeyote anayefikiria sindano hizi: ushauri wangu ni usidungwe. Nasema hivyo kama baba. Lakini kama umekwisha kuamua na hutanisikia, usikubali kuchomwa na mtu asiye daktari, wala mahali pasipo hospitali, wala bila kuandikiwa jina la kitu, namba iliyo kwenye kichupa, tarehe, na jina la mchomaji. Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Pili, kwa aliyekwisha kudungwa au aliyekwisha kujichubua: usijifiche. Maumivu, donge, ngozi kubadilika rangi, nenda hospitali mapema, useme ukweli wote. Usimrudie yule yule mchomaji akuongeze nyingine ya kurekebisha ya kwanza. Na kama unaogopa kwenda peke yako, njoo parokiani. Nimezungumza na viongozi wa WAWATA. Wako kina mama wawili watakaokusindikiza, na wameapa kufunga midomo yao.

Tatu, kwa wahudumu wa afya: wapokeeni bila kejeli na waandikeni. Daftari la kawaida linatosha kuanza: nani, alidungwa wapi, lini, sasa yukoje, arudi lini. Taa za leza zitakuja au hazitakuja. Lakini hata zikija, taa inamulika aliyeketi mbele yake. Haimtafuti aliyejificha kwa aibu. Anayemtafuta huyo ni mtu mwenye miguu na daftari.

Nne, kwa wahubiri, nikiwa wa kwanza wao: tuache kuchekesha watu kwa majeraha ya wengine. Mwaka 2015 hati moja ya Baraza la Kipapa la Utamaduni ililifananisha jambo la upasuaji wa urembo na vazi la kumfunika mwanamke lililoshonwa kwa nyama, na wanawake wengi wakalalamika kwamba wanahukumiwa na watu wasiowajua. Kuna ukweli katika mfano ule, kwa sababu kweli shinikizo la sura ni kifungo. Lakini ukweli ukirushwa kutoka mbali kama jiwe, unampata aliyefungwa na kumwacha mfungaji.

Na mfungaji ndiye ninayemalizia naye. Wewe uliyekodi chumba cha nyuma, ukachoma, ukapokea fedha za mchezo wa kina mama, ukabadilisha namba ya simu: najua baadhi yenu mnasali, wengine kanisani, wengine msikitini. Hukumwibia mwanamke yule fedha tu. Ulimwachia kitu ndani ya mwili ambacho hawezi kukitaja jina, ukaondoka na jina lake. Kanisa linafundisha kwamba toba ya aliyeiba haikamiliki bila kurudisha. Basi rudi. Ukiwa na woga wa sheria, tafuta namna. Andika karatasi, ipitishe chini ya mlango wangu, taja tu kichupa kile kilikuwa na nini. Ni neno moja ambalo daktari analingoja. Hutaweza kuondoa ulichoweka, lakini utakuwa umefanya lile ambalo Msamaria aliliahidi na mnyang'anyi hakulifanya.

Yule mama bado anahudhuria Misa, na bado anasimama nyuma. Dominika iliyopita, nilipotoka sakristia, niliona kina mama watatu wamesimama pamoja naye tangu mwanzo hadi baraka ya mwisho, wakati viti vilikuwepo. Hakuna aliyewatuma. Niliwatazama kutoka altareni, na nikaona aibu na furaha kwa pamoja.

Tusali: Ee Bwana, uliyeigusa miili ya wagonjwa na hukumwacha yeyote uliyemgusa, uwaponye walioumizwa wakitafuta kupendeza, uwarudishe waliokimbia baada ya kuumiza, na utusamehe sisi tuliocheka. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.
Paroko wenu.